"Umejuaje?" Ni Swali la Heshima

Wazazi wapenzi, mwulizeni mtoto wenu wa shule: "Funza wa nyama iliyooza hutoka wapi?" Atajibu upesi: "Katika mayai ya nzi." Vema. Mwulizeni tena: "Umejuaje?" Atanyamaza, ama atasema: "Mwalimu aliandika ubaoni." Jibu analo, sababu hana. Tena shule nyingi zampa alama zote!

Zamani hata wenye elimu walisadiki kwamba nyama yenyewe huzaa funza. Mwaka 1668 mganga wa Italia, Francesco Redi, alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Alikuwa ametia nyama katika chupa, nyingine akazifunga, nyingine akaziacha wazi. Funza walionekana katika zile zilizo wazi tu. Lakini mtu aliweza kumpinga: "Umezuia hewa, ndiyo sababu." Basi Redi akafunika chupa nyingine kwa kitambaa chepesi kipitishacho hewa na kuzuia nzi. Hewa iliingia, na nyama haikupata funza. Mpinzani alijibiwa kwa jaribio la pili, pasipo matusi wala makelele.

Wengine husema: "Mtoto akimwuliza mwalimu sababu, amekosa adabu." Sivyo. Adabu huonekana katika namna ya kuuliza. Mwalimu anayejua kazi yake hufurahi kuulizwa.

Wengine husema: "Hatuna vyombo." Vyombo gani? Chupa tatu, vipande vya samaki, kitambaa na siku chache za kungoja! Watoto waseme kwanza wanavyodhani, kisha watazame, kisha wabishane kwa yale waliyoyaona.

Wengine tena husema: "Watoto ni wengi, na mtihani u karibu." Hiyo ni shida ya kweli. Haiwezekani kufanya hivyo kila siku. Lakini hata mara moja kwa mwezi, makundi makundi, yafaa kuliko kutofanya kamwe.

Maana mtoto huyu atakuwa mtu mzima. Sokoni atakutana na mwuza dawa asemaye: "Chupa hii huponya magonjwa yote, jirani yako alikunywa akapona." Aliyezoea kukariri atatoa fedha yake. Aliyefundishwa vema atauliza: "Wangapi walikunywa wasipone? Na wangapi walipona pasipo kuinywa?"

Wazazi, mkutanapo na walimu msiulize alama tu. Ulizeni pia: "Muhula huu watoto wetu wamejaribu nini kwa mikono yao?"