Waipa Kabla ya Redio



Jumamosi iliyopita tulisafiri kutoka Kyela kwenda Matema, mvua ikatukuta njiani. Waipa zilikwaruza tu, zikasambaza tope kiooni. Dereva akatoa kichwa dirishani ili aone njia. Mbele yetu walikuwapo akina mama waliotoka mnadani Lyulilo, wamejitwika vyungu vya Wakisi. Tuliwaona tukiwa tumebakiza hatua chache tu.

Gari lile lina redio mpya (yenye sauti kupita haja).

Twasema wazi: mwenye gari anayenunua redio kabla ya waipa amekosea. Kinachochakaa ni mpira. Jua la kiangazi huukausha hata ukapasuka, na kungu wa ziwani wakipondeka kiooni hugandamana nao. Anunuaye apime kwanza urefu wa ile ya zamani, maana ya upande wa dereva mara nyingi ni ndefu zaidi. Aufute mpira kwa maji ya sabuni, asiupake mafuta ya taa, kwani huuharibu. Wala asiwashe waipa kioo kikiwa kikavu chenye vumbi, kitachunika.

Nasi abiria tuna haki ya kuomba gari lisimame hadi mvua ipungue. Siku ile sisi tulinyamaza.