Mwindo hakumwua baba yake

Hapa Goma, ukitaja utendi wa Mwindo mbele ya watu waliosoma, utasikia madai yaleyale. Sikubali yapite hivihivi, kwa sababu utendi huu wa Wanyanga wa Walikale ni urithi mkubwa wa Kivu Kaskazini nzima.

Dai la kwanza: eti ni kazi ya Mzungu. Jina la Daniel Biebuyck liko kwenye jalada, kweli, na kando yake lipo la Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga. Lakini kilichochapwa California mwaka 1969 ni maneno ya Candi Rureke, aliyeyatoa mwaka 1956 kwa siku 12, akiimba, akisimulia, akicheza na kuigiza, huku vijana wakimpigia mdundo wa fimbo na kumwitikia. Biebuyck na wasaidizi wake waliandika, wakatafsiri, wakafafanua. Nawaheshimu kwa hilo, ila mwandishi si mtunzi. Rureke alirithi utendi kwa waliomtangulia, chini ya ulinzi wa Karisi, mzimu ambao utendi wenyewe umechukua jina lake.

Dai la pili: eti kuna Mwindo mmoja tu wa kweli. Biebuyck mwenyewe alitoa masimulizi mengine matatu mwaka 1978, na hayafanani.

Dai la tatu ni kwamba hizi ni ngano za kulaza watoto: mtoto anazaliwa akitembea na kusema, radi inakuwa rafiki, joka la majini linaoa. Lakini tazama kisa kinapoanzia. Shemwindo, baba wa Mwindo na mwami wa Tubondo, anaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Mwana wa kiume auawe. Mimi naona hapo tamaa ya mahari na hofu ya kurithiwa mtu angali hai. Hayo ni mambo ya baraza la wazee.

Dai linaloniuma zaidi ni la nne, kwamba Mwindo anafundisha vijana kisasi. Sababu ya kisasi anayo: baba alimrushia mikuki, akamzika akiwa hai, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Anarudi na wajomba zake na Nkuba, yaani radi, na Tubondo inateketea. Wengi huishia hapo. Utendi hauishii hapo! Mwindo anamfuata baba yake, aliyekimbia, hadi kuzimu, shangazi yake Iyangura akishika ncha ya kamba ili ajue kama mpwa wake bado yu hai. Anamrudisha mzima. Waliokufa Tubondo wanafufuliwa. Kisha linaitishwa baraza, Shemwindo anakiri kosa lake mbele ya watu, na Iyangura anamkemea kaka yake waziwazi. Baba hafi, nchi inagawanywa, naye anabaki na sehemu yake.

Tena shujaa mwenyewe haachwi ajisifu. Anapoua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, radi hiyohiyo iliyompigania inampandisha angani na kumtesa mwaka mzima kwa baridi, mvua na jua. Anashuka amenyenyekea, na sheria anazowawekea watu wake ni hizi: wajenge nyumba nzuri, walime vyakula vingi, wasigombane, wasimcheke mlemavu apitaye kijijini, wamwogope mwami, na mwami naye awaogope wao.