NYUMBANI KWETU: Bustani Chini ya Paa

Mke wa askari atokapo kambini kwenda sokoni kununua chumvi, hurudi na chumvi pamoja na habari za mtaa mzima. Bwana hunung'unika kwamba amechelewa. Wiki hii nitawasimulia habari za mtu aliyejenga jumba kubwa ili watu wapate kuchelewa namna hiyo.

Mtu huyo ni Victor Gruen, msanifu wa majumba, aliyezaliwa Vienna, nchini Austria, mwaka 1903. Wanazi walipoitwaa nchi yake mwaka 1938 alikimbilia Marekani, kwa kuwa alikuwa Myahudi. Huko akaona jambo la kusikitisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili jamaa nyingi zilihamia viungani mwa miji, nyumba kando ya nyumba, wala hapakuwa na soko wala baraza ya kuketi na jirani. Mama aliyehitaji mkate alipanda motokaa, akanunua, akarudi peke yake.

Kampuni ya Dayton, iliyokuwa na duka kubwa mjini Minneapolis, ilimpa kazi ya kujenga maduka katika kiunga cha Edina. Baridi ya huko hugandisha maziwa na mito, na kiangazi kina joto la kuchosha. Basi Gruen akayaweka maduka yote chini ya paa moja, hewa ya ndani ikipashwa moto au kupozwa kadiri ya majira. Jumba hilo, Southdale, lilifunguliwa tarehe 8 Oktoba 1956, lina maduka 72 na nafasi za magari zipatazo 5,200. Katikati palikuwa na ua wenye miti, maua, bwawa la samaki, ndege katika tundu refu, na viti vya kunywea kahawa. Maduka yalipangwa kwa ghorofa mbili ili mnunuzi asitembee mwendo mrefu, na malori ya mizigo yalipita chini ya ardhi, mbali na macho ya watu. Frank Lloyd Wright, msanifu mashuhuri, alilikejeli, lakini wafanyabiashara wakaliiga upesi.

Waliiga nini? Gruen alikusudia kulizungushia jumba lake nyumba za kuishi, shule, hospitali, bustani na ziwa. Hospitali ilikuja baadaye, lakini mji aliouota haukujengwa. Waigaji walichukua paa, maduka na uwanja wa magari, yaani vile viletavyo fedha, wakaacha vilivyobaki. Mahali pengi maduka ya katikati ya mji yalipoteza wateja. Bibi mzee asiye na motokaa akabaki kuitazama lami hiyo pana. (Mimi niendaye kazini kwa baiskeli namwelewa sana.)

Gruen alirudi Vienna mwaka 1968. Mwaka 1976 likafunguliwa jumba kubwa la maduka kusini ya mji huohuo alikozaliwa. Alipozungumza London mwaka 1978 alikataa waziwazi kuitwa baba wa majumba hayo. Alifariki mwaka 1980.

Southdale lingali linafanya biashara. Katika miaka ya 2010 sehemu ya uwanja wake wa magari ilijengwa nyumba za kupangisha, na wapangaji wake waweza kwenda dukani kwa miguu.