Mwambieni Tabibu Mlichokula

Machi 2024, siku chache kabla ya Ramadhani, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki Kisiwa Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa hospitalini. Sumu hiyo haitokani na kuoza, moto wa jikoni hauiondoi, wala dawa yake mahususi haijapatikana.

Kwa hivyo tabibu wa chumba cha dharura, awe Pemba au Hospitali Kuu ya Pwani hapa kisiwani, hutegemea kauli ya wenye nyumba. Watu wanne wakifikishwa pamoja wakitapika, atauliza: kililiwa nini, saa ngapi, na nani mwengine alikula? Hapo ndimi huwa nzito, maana kuvua kasa ni kosa kisheria. Kimya hicho, nami nakiona ghali mno, humpeleka tabibu kwenye kipindupindu, na mtoto aliyekula lakini bado hajaumwa huachwa nyumbani amelala.

Mama anyonyeshaye aliyekula naye aseme; sumu hupita katika maziwa. Masalio ya chungu yasimwagwe, yapelekwe. Na ikiwa sahani ilipelekwa kwa jirani, mtu akabishe hodi usiku huohuo.