Gonga Chasisi Kwanza
Ukibahatika kupata pikapu ya Land Rover ya miaka ya 1970, usikimbilie rangi. Bodi yake ni ya aluminiamu, haiingii kutu kama chuma. Hivyo gari huonekana zima ilhali chasisi, ambayo ni ya chuma, inaliwa kwa ndani. Mimi nilianza na rangi, tena nyekundu! Fundi alipogonga chasisi upande wa nyuma, nyundo ikapenya. Chuma kizima hulia, kilichooza hubonyea. Palipooza pakatwe, pachomelewe bamba jipya, baada ya kufungua betri na kuliweka mbali tangi la petroli. Mabenchi niliyowachongea watoto wapandie nyuma yalikaa barazani miezi saba.