Dawa Rahisi Si Dawa Duni



Kuna tabia moja ambayo yafaa tuiseme wazi. Mkulima akiambiwa apande desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili aondoe kayongo, hucheka na kusema, "Hayo si majani ya ng'ombe tu?" Lakini sokoni Malaba au Busia akioneshwa chupa yenye jina refu lisilotamkika, hufungua mfuko upesi. Twadhani jambo gumu ndilo la kisayansi, na jambo jepesi ni la watu wasiosoma. Sivyo hata kidogo.

Kayongo, ambayo Tanzania huitwa kiduha, mwaijua. Maua yake ya zambarau yapendeza macho, lakini mizizi yake huinyonya mizizi ya mahindi, hasa katika udongo uliochoka. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi, ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakiongozwa na Dk. Zeyaur Khan na kusaidiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kumshinda funza wa bua. Wakaona kwamba palipopandwa desmodiamu, kayongo nayo ilipungua. Hawakutosheka kuona; walitafuta sababu. Waligundua kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za namna mbili: moja huiamsha mbegu ya kayongo, nyingine huizuia isishike mzizi wa mahindi. Mbegu ikiamka na kukosa chakula, hufa. Nayo majani ya tembo, yakipandwa mistari mitatu kuzunguka shamba, humvuta nondo atage huko, na funza wengi hufia katika utomvu wake unaonata. Njia hii huitwa Sukuma-Vuta.

Basi tazameni. Kazi ya maabara ilichukua miaka mingi, na hata leo wataalamu hubishana jinsi desmodiamu inavyowapunguza wadudu. Ugumu wote walibeba wao. Wewe umeachiwa jembe na mbegu. Urahisi huo ni tunda la elimu. Mtaalamu asiyeweza kumweleza mkulima kwa maneno machache bado hajaimaliza kazi yake.

Lakini rahisi si sawa na bure. Mbegu ya desmodiamu ni ghali, huota polepole, na msimu wa kwanza hutaka palizi ya uangalifu usije ukaing'oa pamoja na magugu. Mbuzi pia huipenda. Ukivumilia, yakaa miaka kadhaa, yarutubisha udongo kwa kuwa ni jamii ya kunde, na ng'ombe wako apata malisho.

Wala usikubali kwa sababu gazeti limesema. Tenga robo eka uipande hivyo, na robo eka ya jirani yake uilime kama zamani. Hesabu magunia ya kila upande kwa misimu miwili, uandike daftarini. Na muuza chupa naye mwulize: shamba lako ulilolinganisha liko wapi? Akikujibu kwa majina marefu tu, funga mfuko wako, uende zako nyumbani.