Uzuri Ndio Uliomponza Fisi-maji

Wasee, tuambiane ukweli. Zile video za fisi-maji wa baharini wakielea wameshikana mikono zinapata laiki mpaka basi. "Aki amependeza!" Halafu? Unaskrol. Huo si uhifadhi.

Kupendwa hakujawahi kumsaidia huyu mnyama. Kuanzia karne ya 18 aliwindwa kutoka Alaska hadi California kwa sababu ya manyoya yake, yaliyosongamana kuliko ya mnyama mwingine yeyote. Kufikia 1911 walikuwa wamebaki kama elfu mbili hivi, Pasifiki nzima. Kilichomwokoa ni mkataba wa mwaka huo kati ya Marekani, Urusi, Japani na Uingereza, uliokataza kumwinda baharini. Sheria, si sifa.

Na umuhimu wake si sura, ni tumbo. Kwa siku anakula karibu robo ya uzito wake, wakiwemo wale viumbe wa duara wenye miiba unaoogopa kukanyaga ukiogelea Diani. Akiondoka, wenye miiba wanazaana ovyo, wanatafuna kelpi, ule mwani mrefu kama miti. Msitu unaisha, samaki wanakosa makao, chini yanabaki mawe tupu.

Utasema, "Hiyo ni ya Marekani, mimi inanihusu nini?" Inakuhusu sana. Kwenye matumbawe yetu, kazi hiyo inafanywa na samaki anaitwa kikande. Hana manyoya, hana mikono, meno yamemtokeza. Nani atamposti? Basi anavuliwa tu, na pale anapoisha, wenye miiba wanajaa, wanakwangua matumbawe na kumaliza nyasi za bahari. Lakini ndani ya hifadhi za Malindi, Watamu na Kisite, ambako kuvua ni marufuku, kikande wapo na wenye miiba ni wachache. Tena ni sheria, si laiki.

Na usimrukie mvuvi wa mtumbwi, huyo anatafuta unga. Mbane mwenye juya, wavu uliopigwa marufuku kwa sababu unakokota kila kitu hadi vitoto vya samaki. Mbane pia anayelipwa kulizuia halafu anaangalia kando.

Mnyama hafai kuwa mrembo ndio alindwe. Kwa hivyo posti inayofuata, weka kikande. Kisha uulize kaunti zetu za pwani: juya bado linafanya nini ufuoni?